Kazi Ikihamia Nyumbani, Nani Atalipa Stima?

(Haya ni maneno ya mazungumzo yetu na wafanyibiashara wadogo na wa kadiri wa Nakuru. Tumeyachapa kwa kuwa wengi waliohudhuria waliomba nakala ya kwenda kuwasomea wenzao.)

Tunajua ya kwamba asubuhi moja nje ya duka ni hasara, kwa hivyo hatutazunguka sana. Jambo tulilokuja kuzungumza ni hili: mfanyikazi akifanyia kazi nyumbani kwake badala ya kuja ofisini, je, biashara ndogo yaweza kufaidika? Na ikifaidika, faida hiyo ni ya nani?

Mliotuuliza swali hili ni wengi, na karibu wote mlianza na kodi ya nyumba. Mwenye biashara husema, kodi imepanda, nina karani mmoja na msichana wa kupokea oda, mbona nisifunge hiki chumba cha nyuma, hawa wawili wafanyie kazi kwao? Ni wazo zuri. Lakini tunaona watu wakilishika nusu nusu. Wanahamisha mtu, halafu wanasahau kuhamisha vile vitu vinavyomwezesha kufanya kazi: stima, intaneti, muda wa maongezi, meza, na utulivu. Vyote hivyo vina gharama. Kama wewe mwenye biashara huvilipii, basi jua kuna mtu anayevilipia. Na mtu huyo ni yule yule anayengojea mshahara wako mwisho wa mwezi, na ambaye anaogopa kukukatalia.

Basi neno letu la leo ni moja. Kazi ikihamia nyumbani, gharama yake na haki zake zihamie pamoja nayo. Haya mengine yote ni matawi tu ya shina hilo.

SI JAMBO GENI

Wengine hudhani kazi ya nyumbani ililetwa na korona. Ni kweli wengi wetu tuliijua wakati huo. Tarehe 13 Machi 2020 ilitangazwa kwamba mgonjwa wa kwanza amepatikana hapa Kenya. Siku mbili baadaye Rais Uhuru Kenyatta akatangaza kufungwa kwa shule, na akawahimiza waajiri wawaache watu wao wafanyie kazi nyumbani pale inapowezekana. Tarehe 27 mwezi huo huo kafyu ikaanza. Ofisi nyingi zilijikuta zinaendeshwa kwa simu bila matayarisho yoyote. Hakuna aliyeuliza nani atalipa bando. Watu waliogopa kufutwa, wakanyamaza.

Lakini hebu tuwafikirie akina mama wanaosuka vyondo kule Ukambani. Kwa miaka mingi wamefanyia kazi kwao. Mnunuzi huja, akahesabu vyondo, akalipa kwa kila kimoja. Katani ni ya mama, taa ni ya mama, na mgongo unaouma ni wa mama. Akiugua wiki mbili, ni wiki mbili bila shilingi. Mnunuzi naye hana karakana ya kulipia kodi. Hiyo nayo ni kazi ya nyumbani, na ugonjwa wake unajulikana tangu zamani: aliye nyumbani haonekani, na asiyeonekana husahaulika hesabu zikipigwa.

Shida hiyo si ya Kenya peke yake. Mwaka wa 1996 Shirika la Kazi Duniani, yaani ILO, lilipitisha mkataba nambari 177 juu ya kazi ya nyumbani. Msingi wake ni rahisi kuelewa: anayefanyia kazi nyumbani atendewe sawa na mwenzake anayekwenda kazini. Si zaidi, si chini.

Kitu kipya ni vyombo. M-Pesa ilianza mwaka wa 2007. Nyaya za intaneti zinazopita chini ya bahari zilifika Mombasa mwaka wa 2009. Siku hizi karani aliyeketi kwake Njoro aweza kuona pesa zikiingia katika duka la Nakuru dakika ile ile zinapoingia. Vyombo vimebadilika, lakini lile swali la mama wa vyondo bado liko pale pale.

KAZI GANI YAWEZA KUHAMA?

Kinyozi hawezi kunyolea watu kwa simu. Mwenye posho mill, fundi wa kuchomelea, mpishi wa hoteli, muuzaji wa kaunta: hao kazi yao iko mahali ilipo. Tusidanganyane. Lakini karibu kila biashara ina kazi za karatasi na simu zinazofichika nyuma ya zile nyingine. Kuandika vitabu vya hesabu. Kutoa ankara za eTIMS za KRA. Kupokea oda kwa simu na WhatsApp. Kuwakumbusha wadeni. Kutayarisha mishahara. Kuandika tangazo la bei mpya. Hizo zaweza kufanyiwa Njoro, Bahati au Lanet, na mteja asijue tofauti.

Hapa kuna jambo linalotofautisha biashara ndogo na kampuni kubwa. Kwa Sheria ya Biashara Ndogo ya mwaka wa 2012, biashara ndogo kabisa ni ile yenye watu chini ya 10, na biashara ndogo ni ya watu 10 hadi 50. Utafiti wa Shirika la Takwimu la KNBS wa mwaka wa 2016 ulikadiria kwamba biashara za wadogo na wa kadiri Kenya nzima zilikuwa karibu milioni 7.4, na nyingi kati yake hazikuwa na leseni. Sasa katika biashara ya watu saba, mtu mmoja ana kazi tatu. Karani ndiye huandika vitabu, ndiye hushika kaunta saa ya chakula cha mchana, na ndiye hupokea mzigo lori likija. Ukimpeleka nyumbani wiki nzima, vitabu vitaandikwa vizuri, lakini saa saba kaunta haina mtu.

Kwa hivyo usiulize, nani aende nyumbani? Uliza, kazi gani iende? Chukua karatasi, umwandikie kila mfanyikazi yale anayofanya kutoka asubuhi hadi jioni kwa wiki moja. Tia alama kwa yale yasiyohitaji mikono yake dukani. Utaona huyu ana siku mbili za kazi ya kuhama, yule ana nne, na wa tatu hana hata saa moja. Hiyo ndiyo ramani yako.

TUPIGE HESABU

Tuchukue mfano. Tuseme una duka la vifaa vya ujenzi. Chumba cha nyuma unakilipia kodi ya shilingi 12,000 kwa mwezi, na stima yake shilingi 2,000. Jumla ni 14,000. Ndani wanakaa wawili: karani wa hesabu anayetoka Njoro, na msichana wa oda anayeishi karibu na kuja kwa miguu.

Karani hulipa nauli shilingi 200 kwa siku, kwenda na kurudi. Kwa siku 24 za kazi ni shilingi 4,800. Msichana wa oda halipi nauli.

Sasa wote wawili wakifanyia kazi nyumbani, kila mmoja atahitaji bando ya shilingi 2,000, tokeni za stima za shilingi 700 zaidi ya zile za kawaida, na muda wa maongezi wa shilingi 800. Hizo ni shilingi 3,500 kila mmoja, yaani 7,000 kwa wawili. Tena wakubaliane kuja dukani siku moja kila wiki. Nauli ya karani itakuwa 800 kwa mwezi badala ya 4,800, kwa hivyo anaokoa 4,000.

Mwenye duka akisema, gharama ni yenu, yeye ataweka mfukoni zote 14,000. Karani aliyeokoa 4,000 atatoa 3,500, abaki na shilingi 500. Na yule msichana? Hakuwa na nauli ya kuokoa. Yeye atatoa shilingi 3,500 kutoka mshahara ule ule wa jana. Amepunguziwa mshahara, na hakuna aliyemwambia. Akiacha kazi baada ya miezi mitatu, watu watasema vijana wa siku hizi hawana uvumilivu.

Mwenye duka akilipa zile 7,000, hali inakuwa nyingine. Yeye anabaki na 7,000 kila mwezi. Karani anabaki na 4,000 yake yote. Msichana hapotezi kitu. Hakuna aliyeumia. Kama itabidi ununue laptopu mbili kuukuu za shilingi 25,000 kila moja, hizo ni 50,000, na akiba yako itazirudisha katika mwezi wa nane. Baada ya hapo ni faida safi.

Bei hizi ni za mfano tu. Kila mmoja wenu aweke bei za kwake, maana bando hupanda na kodi za nyumba hazifanani. Lakini hesabu yenyewe ipigeni hivyo hivyo, safu mbili: ya mwenye biashara, na ya kila mfanyikazi kwa jina lake. Mpango ukifaidi safu moja na kuumiza nyingine, huo sio mpango. Ni kusukumiana mzigo.

WENGINE WALIPOJARIBU

Mtu atauliza, huyo mtu akiwa kwake si atalala? Ni swali la haki. Kuna kampuni moja ya China iitwayo Ctrip, ya kuwakatia watu tiketi na kuwatafutia hoteli, iliyojaribu jambo hili kwa uangalifu kuanzia mwaka wa 2010 kule Shanghai. Iliwataka wafanyikazi wa simu waliojitolea, wenye angalau miezi sita kazini, na wenye chumba chao cha kufanyia kazi. Wale ambao tarehe yao ya kuzaliwa ilikuwa namba shufwa walifanyia kazi nyumbani siku nne kwa wiki, na siku ya tano wakaja ofisini. Wenzao wakabaki ofisini kama kawaida. Jaribio lilikwenda miezi tisa, na profesa Nicholas Bloom wa Chuo Kikuu cha Stanford na wenzake wakalipima.

Wa nyumbani walifanya kazi zaidi kwa asilimia 13. Sehemu kubwa ya nyongeza hiyo ilitokana na dakika: mapumziko yalipungua, na siku za kuugua zilipungua. Walioacha kazi walikuwa nusu ya wale wa ofisini. Basi hawakulala.

Lakini sikieni na upande wa pili. Jaribio lilipokwisha, karibu nusu yao waliomba kurudi ofisini, na sababu kubwa waliyotoa ni upweke. Tena, ukilinganisha watu waliofanya kazi sawa sawa, wale wa nyumbani walipandishwa cheo mara chache zaidi. Wazee wetu walisema, asiyekuwapo na lake halipo. Kumbe hata Shanghai ni hivyo.

Kampuni hiyo, ambayo sasa inaitwa Trip.com, ilijaribu tena kwa wafanyikazi 1,612, mara hii siku mbili tu nyumbani kila wiki. Matokeo yalichapishwa mwaka wa 2024: walioacha kazi walipungua kwa thuluthi moja, na kazi haikuharibika. Kampuni hiyo ni kubwa na duka lako ni dogo, hilo tunalijua. Hata hivyo kuna mambo matatu hata mwenye watu watano aweza kuyachukua. Mtu ajitolee, asilazimishwe. Awe ameshaijua kazi, maana mgeni hawezi kujifunza peke yake chumbani. Na siku ya kuonana ibaki pale pale.

KIPIMO NI KAZI, SI KITI

Dukani tumezoea kumpima mtu kwa macho. Yuko kitini? Basi anafanya kazi. Lakini tunajua sote ya kwamba mtu aweza kukaa kitini saa nane na asifanye kitu. Akiwa nyumbani, jicho halifiki. Wengine hujaribu kulifikisha kwa nguvu: wanapiga simu kila nusu saa, tuma picha, uko wapi, mbona umechelewa kujibu? Huko ni kuchoshana. Simu kumi kwa siku ni saa nzima ya kazi imepotea, yako na yake.

Pima kazi yenyewe. Kwa karani wa hesabu serikali imekwisha kukuwekea tarehe: PAYE isipite tarehe 9 ya mwezi unaofuata, na VAT isipite tarehe 20. Wewe ongeza zako. Mauzo ya jana yawe yameandikwa kabla ya saa nne asubuhi. Orodha ya wadeni itoke kila Ijumaa. Kwa msichana wa oda: kila ujumbe wa mteja ujibiwe ndani ya dakika 15 saa za kazi, na kila oda iandikwe mahali pamoja ambapo wa dukani pia wanaiona. Hayo yakifanyika, kwani una haja gani ya kujua kama ameketi juu ya kiti au kitandani?

Na hapa tunawakumbusha ile methali: mali bila daftari huisha bila habari. Biashara yenye mambo yake yote kichwani mwa mwenyewe haiwezi kumpeleka mtu nyumbani, kwa sababu kila saa huyo mtu atahitaji kuuliza kichwa hicho. Bei ziandikwe. Majina ya wanaopewa mkopo yaandikwe. Nani aruhusu punguzo la bei, iandikwe. Wengine wenu mtagundua kwamba kazi ya kuandika haya ndiyo itakayowafaidi zaidi, hata kama hakuna atakayehama.

SHERIA HAIBAKI OFISINI

Sasa tuje kwa jambo ambalo limewatia watu wengi taabuni. Kuna waajiri wanaodhani mfanyikazi akienda nyumbani si mfanyikazi tena. Humwambia, ati sasa wewe ni wa kujitegemea, nitakulipa kwa M-Pesa, mambo ya NSSF maliza mwenyewe. Ndugu zetu, hiyo ni hatari. Mahakama ya ajira huangalia uhusiano wenyewe ulivyo, sio jina mlilolibandika. Kama wewe ndiwe unayempangia saa, kumpa vyombo na kumlipa kila mwezi, huyo ni wako.

Sheria ya Ajira ya mwaka wa 2007 inataka mkataba wa kuandikwa kwa kazi ya miezi mitatu au zaidi, na mahali pa kazi ni mojawapo ya mambo yanayoandikwa humo. Mambo hayo yakibadilika, mwajiri ashauriane na mfanyikazi, kisha amjulishe kwa maandishi. Kwa hivyo kumwambia mtu Jumamosi jioni, Jumatatu usije, fanyia kwenu, hakutoshi. Likizo ya siku 21 za kazi kwa mwaka inabaki. Siku moja ya mapumziko katika kila siku saba inabaki. Likizo ya uzazi inabaki. NSSF inabaki. Bima ya afya ya SHA, ambayo ilichukua mahali pa NHIF mwezi wa Oktoba 2024, inabaki kwa asilimia 2.75 ya mshahara. Ushuru wa nyumba, asilimia 1.5 kutoka kwake na 1.5 kutoka kwako, unabaki.

Bima ya ajali kazini nayo isisahaulike. Mwandikie wakala wako wa bima, umwambie mfanyikazi fulani anafanyia kazi nyumbani siku fulani, na umtake ajibu kwa maandishi kama bima inamhusu akiwa huko. Neno la mdomo halitakusaidia siku mtu akianguka.

SIRI ZA WATEJA

Msichana wa oda akienda nyumbani, anaenda na majina ya wateja wako, namba zao za simu, na madeni yao. Simu hiyo usiku inachezewa na watoto, na mgeni akija ataiona mezani. Sheria ya Kulinda Data ya mwaka wa 2019 inakuhusu wewe pia. Ni kweli biashara yenye watu chini ya 10 na mauzo yasiyofika shilingi milioni 5 kwa mwaka kwa kawaida haisajiliwi kwa Kamishna wa Data, isipokuwa zile za shughuli kama mikopo, matibabu au shule. Lakini kutosajiliwa si kuruhusiwa kutawanya siri. Habari za watu zikivuja na kuweza kuwadhuru, Kamishna ajulishwe ndani ya saa 72, na faini yaweza kufika shilingi milioni 5 au asilimia moja ya mauzo ya mwaka, ile iliyo ndogo.

Tufanye nini? Namba ya oda iwe ya biashara, kwa simu ya biashara, sio namba ya msichana mwenyewe. Akiondoka, wateja wabaki. Simu na kompyuta ziwe na neno la siri ambalo mume, dada au jirani halijui. Faili zisitumwe ovyo katika vikundi vya WhatsApp. Tena, anayeandika pesa asiwe ndiye anayetoa pesa. Hii si kumshuku mtu. Ni kumlinda, ili siku shilingi ikipotea asiwe yeye peke yake wa kuulizwa.

NYUMBA YENYEWE

Mwisho tuitazame nyumba. Akina mama hapa wanajua tunachosema. Mwanamke akikaa nyumbani mchana, majirani huona hana kazi. Atatumwa sokoni, ataachiwa watoto, mgeni atabisha hodi saa nne na kutaka chai. Kwa hivyo mpango huu uzungumzwe na watu wa nyumba pia. Saa fulani hadi saa fulani, mama yuko kazini. Mlango ukifungwa, umefungwa. Na kama nyumba ni ya chumba kimoja chenye watu sita, basi tuseme ukweli: huyo hafai kupelekwa nyumbani, labda nusu siku watoto wakiwa shule. Asionekane mvivu kwa sababu ya udogo wa chumba.

Wewe mwajiri nawe uheshimu saa. Kumpigia mtu saa nne usiku kwa sababu tu simu iko mkononi mwake ni kumfanyisha kazi bila malipo. Mwaka wa 2022 Seneta Samson Cherargei alipeleka mswada katika Seneti juu ya haki ya mfanyikazi ya kutosumbuliwa baada ya saa za kazi. Ninyi msingoje Bunge. Andikeni saa zenu, na kama kuna dharura iwe dharura kweli.

Na stima ikipotea? Tarehe 25 Agosti 2023 nchi karibu yote ilikaa gizani, na kabla ya mwaka kwisha giza la namna hiyo likarudi tena. Kubaliana mapema. Kupotea kwa stima si utoro. Laptopu yenye betri nzuri itampa saa mbili tatu. Zikiisha, aje dukani, aende saiba ya karibu kwa pesa za biashara, au alipe saa hizo siku nyingine. Lolote mtakalochagua, lichagueni taa zikiwa zinawaka.

ANZENI KIDOGO

Msifunge chumba cha nyuma mwezi huu. Chagueni kazi moja, na mtu mmoja aliyekubali mwenyewe. Siku mbili kwa wiki, miezi miwili. Andikeni ukurasa mmoja wenye majibu ya maswali haya saba:

1. Ni kazi gani inayohama, na ni siku zipi?
2. Saa za kazi ni kutoka saa ngapi hadi saa ngapi?
3. Kazi itapimwa kwa nini, na kwa tarehe zipi?
4. Bando, tokeni na muda wa maongezi ni shilingi ngapi kwa mwezi, na zitalipwa siku gani? Sisi tunashauri zilipwe kabla ya mwezi kuanza, zikiwa mbali na mshahara.
5. Simu na kompyuta ni za nani, na zikiharibika nani atatengeneza?
6. Stima au intaneti ikipotea tutafanya nini?
7. Siku ya kuonana dukani ni ipi?

Wote wawili watie sahihi, kila mtu abaki na nakala. Miezi miwili ikiisha, kaeni chini na zile safu mbili za hesabu. Mwenye biashara amefaidi kiasi gani? Mfanyikazi je? Wateja wamelalamika? Vitabu viko sawa? Ikiwa jibu ni zuri, ongezeni siku au ongezeni mtu, na hapo ndipo mwaweza kumwambia mwenye nyumba kwamba chumba cha nyuma mnakirudisha. Ikiwa jibu ni baya, hamjapoteza kitu kikubwa. Karani arudi kitini pake, na ule ukurasa mmoja utawafaa hata dukani.

Na jambo la mwisho: nafasi ya kupanda ikitokea, bei ya kazi ikipandishwa, mafunzo yakija, msianze na yule mnayemwona kila siku. Someni majina yote, na jina la aliye Njoro liwe katika orodha.

Tumeleta karatasi za maswali saba, ziko hapo mlangoni, kila biashara ichukue moja. Sasa tuko tayari kwa maswali yenu.